Maneno kwa Wazazi wa Darasa la Kwanza

Baada ya kumhimidi Allah na kumswalia Mtume Wake, twasema: mwaka huu wana wenu watasoma herufi 28 na irabu zake, twahara, Swala, na sura fupi za Juzuu Amma.

Wengi mwatuuliza mtoto amefika sura ya ngapi. Twakuombeni mtuulize anasomaje. Akitamka qaaf kama kaaf, qalb (moyo) hugeuka kalb (mbwa). Hatutampandisha sura nyingine eti kwa sababu mwenzake ametangulia. Bakora hatuitumii, hata mkituruhusu. Tutakacho ni robo saa baada ya Maghrib: mketi naye, asome, mumsikilize. Mzazi asiyejua kusoma naye asione haya. Na aketi hapo hapo, ajifunze pamoja na mwanawe.