Mzigo Umeondolewa, Zamu Haijaisha



Nimeombwa niseme neno kwa niaba ya sisi tuliostaafu. Tuko wengi hapa leo. Vijana walioianzisha kwaya hii sasa wana mvi.

Hapa Kenya, mtumishi wa umma alikuwa akistaafu akiwa na miaka 55, na tangu mwaka wa 2009 anastaafu akiwa na 60. Mtu hujiandaa kwa pensheni na kiinua mgongo, akapanga habari za shamba na ng'ombe. Hiyo ni busara. Lakini Jumatatu ya kwanza inafika, na simu hailii. Hakuna anayekusubiri mahali popote. Ndipo unagundua uliuandaa mfuko, moyo ukausahau.

Kuna jambo lingine ambalo hatulisemi kwa sauti. Baadhi ya wenzetu hawakuacha mazoezi kwa sababu ya magoti. Mshahara ulikoma, michango haikukoma: sare mpya, nauli ya mashindano, harambee ya kinanda. Mtu akiona haya kusema "sina", anakaa nyumbani, nasi tunasema amezeeka.

Wapendwa, someni Hesabu sura ya 8, mistari ya mwisho. Walawi waliingia katika kazi ya hema ya kukutania wakiwa na miaka 25, na walipofika 50 wakaiacha ile kazi. Hema ilivunjwa na kusimamishwa tena kila safari, na kazi hiyo ilitaka nguvu. Lakini Mlawi wa miaka 50 hakuambiwa aende zake. Alibaki kuwasaidia ndugu zake katika ulinzi. Mungu alimwondolea mzigo, hakumwondoa mtu.

Tena katika 1 Nyakati sura ya 25, waimbaji wa hekalu walikuwa 288, mafungu 24 ya watu 12. Walipopiga kura za zamu, mdogo na mkubwa, mwalimu na mwanafunzi, wote waliingia kwenye kura ile ile.

Basi, mstaafu mwenzangu, zamu yako ni ipi?

Kwanza, fundisha. Zipo nyimbo za kwaya hii ambazo hazijaandikwa popote. Ziko vichwani mwa watu watano au sita. Keti na kijana mwenye simu, mrekodi sauti zote nne, kisha mziandike kwa solfa. Tusizikwe nazo.

Pili, tembelea. Mgonjwa hasubiri Jumapili. Jumanne saa nne asubuhi walio kazini hawana nafasi, wewe unayo. Wastaafu watatu na wimbo mmoja kando ya kitanda ni ibada kamili.

Tatu, kubali kushuka. Soprano ikikataa, alto ina nafasi. Na wewe uliyekuwa kiongozi, keti, mwache kijana aongoze. Akikosea, mwite kando baada ya mazoezi, usimrekebishe mbele ya watu. Utu uzima ni dawa, lakini dawa ikizidi kipimo ni sumu.

Kamati ya kwaya, nanyi nina ombi. Mstaafu asidaiwe sare wala nauli. Muda anaotoa kufundisha na kutembelea uandikwe kwenye kitabu chenu kama mchango, maana ndio mchango. Na akikosa mazoezi mara mbili, mtu aende kwake, asitumiwe ujumbe wa simu tu.

Nanyi mliobakisha miaka miwili au mitatu kazini, msingojee barua. Chagueni sasa jambo moja mtakaloamkia, na mlianze mkiwa bado na mshahara. Anayeanza kutafuta kusudi siku ya kuagwa amechelewa kidogo, ingawa kwa Mungu hakuna aliyechelewa kabisa.

Walawi wetu wazee, tunawahitaji mlangoni na mazoezini. Jumamosi ijayo viti vyenu viko pale mbele. Njooni hata kama sauti imekwaruza.

Mungu awabariki, na aibariki jubilei yetu.