Komba Nyuma ya Wavu

Komba, ambaye watu wa pwani humjua kwa kuiba tembo kwenye vibuyu vya wagema hata mlevi akafananishwa naye, yumo katika kundi la primata, yaani wanyama wanaojumuisha kima, sokwe na binadamu. Ndani ya macho yake makubwa mna utando unaorudisha mwanga, nao humwezesha kuwinda wadudu gizani, kwa hiyo anayemfuga sebuleni chini ya taa humnyang'anya saa zake za kuishi. Porini komba mdogo wa nyika hutegemea wadudu na utomvu wa migunga, ilhali mfugaji humpa ndizi na mkate, vyakula viwezavyo kumnenepesha na kumwozesha meno. Tena komba hujilowesha viganja na nyayo kwa mkojo, tabia ambayo wafugaji wachache huambiwa mapema. Mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya wanyamapori, umewaweka komba katika Kiambatisho cha Pili, ambacho hakipigi marufuku biashara hiyo bali hudai vibali. Wala hakuna kibali kinachopanua kizimba cha kasuku kimtoshe mnyama anayeruka juu zaidi ya mita 2.