Wahimizao Vita Wasiokwenda Vitani

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake.

Enyi ndugu Waislamu, nanyi mnaotusikiliza majumbani. Kila nchi inapoingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, hutokea watu wanaoitwa wataalamu, wakahimiza redioni na magazetini kwamba majeshi ya kigeni yapelekwe. Aghalabu si wao watakaolala chini ya mabomu hayo.

Tuitazame Libya, kwa kuwa tumeyaona mwanzo na matokeo yake. Mwezi wa Februari 2011 watu wa Benghazi waliuasi utawala wa Muammar Gaddafi, nao ukawajibu kwa risasi. Machi 17 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio nambari 1973, na baada ya siku mbili mabomu yakaanza kuanguka. Mwanafalsafa wa Ufaransa, Bernard-Henri Lévy, alikuwa amemsihi Rais Sarkozy kwa simu kutoka Benghazi (naye, tumpe haki yake, alau alikwenda). Wengine walitaja Rwanda ya 1994. Hoja hiyo sisi wa Afrika Mashariki, tulioona maiti zikiletwa na mto Kagera hadi Ziwa Viktoria, hatuwezi kuidharau. Lakini kamati ya mambo ya nje ya Bunge la Uingereza ilipotoa taarifa yake mwaka 2016, ilisema kuwa hatari iliyotangazwa kwa raia ilikuwa imetiwa chumvi, na kwamba kazi ya kuwalinda raia iligeuka kuwa kazi ya kuiangusha serikali.

Sura ya Hujurat imetuamrisha kuchunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Na katika sura hiyo hiyo, waumini wakipigana, amri ya kwanza ni kuwasuluhisha; kumpiga anayedhulumu kumekuja baadaye. Basi hatusemi kuwa mdhalimu asizuiwe. Tunasema utaratibu uligeuzwa. Umoja wa Afrika uliunda kamati ya marais watano, wa Uganda akiwa mmojawapo, nayo ilikusudia kwenda Tripoli Machi 20. Ikanyimwa ruhusa ya kuruka. Ilipofika huko mwezi wa Aprili, Gaddafi aliukubali mpango wake, watu wa Benghazi wakaukataa. Nani angetaka sulhu, ilhali ndege za wakubwa zinampigania?

Gaddafi aliuawa Oktoba 20, na mwezi huo ulipokwisha NATO ikafunga kazi. Silaha zikavuka jangwa hadi Mali, ambako vita vilizuka 2012. Mwaka 2014 Walibya wakarudia kupigana, hata 2020. Rais Obama mwenyewe alikiri mwaka 2016 kwamba kutojiandaa kwa yale yatakayofuata huenda ndilo kosa lake kubwa kuliko yote. Kisha Septemba 2023, nchi ikiwa na serikali mbili zisizosikilizana, mabwawa mawili juu ya mji wa Derna, yaliyokaa miaka bila matengenezo, yalipasuka kwa mvua. Maelfu ya watu wakachukuliwa na maji usiku.

Atakapokuja mwingine kutuhimiza, tumwulize kama sulhu imejaribiwa, na ni nani atakayetengeneza mabwawa baada ya ndege kuondoka.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa Derna na Benghazi, na wa Rwanda kabla yao. Amin.