Wakia, Boriti na Bamvu: Maneno ya Kiasi katika Pwani ya Kusini



Mhadhara huu ulitangazwa kuwa ni wa maneno ya Kilatini ya idadi, ukubwa na kiwango, na najua wapo waliojiuliza Kilatini kimefuata nini hapa Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya. Kilifika zamani, na kwa njia mbili. Warumi walikuwa na neno uncia, yaani sehemu moja ya kumi na mbili. Waligawa futi yao mafungu kumi na mawili, wakaliita kila fungu uncia. Wakagawa na ratili yao vivyo hivyo. Neno hilo lilipita kwa Wagiriki, likaingia katika Kiarabu, kisha likatufikia likiwa wakia, kipimo cha vitu vya thamani kama dhahabu na manukato. Karne nyingi baadaye neno lilelile lilikuja upya kupitia Waingereza likiwa inchi. Fundi anayeunda mashua akiagiza misumari ya inchi nne anatamka ndugu wa wakia.

Halikuwa peke yake. Ratili asili yake ni litra ya Kigiriki, na litra hiyohiyo ndiyo iliyotuletea lita kupitia Ulaya. Kantari ni centenarius, yaani ya mia. Dinari ni denarius, sarafu ya kumi. Maili ni mille passus, mapigo elfu ya hatua za askari wa Kirumi, na kila pigo moja lilikuwa ni hatua mbili. Kwa hiyo asiwepo wa kutwambia kwamba lugha yetu ilikaa pembeni dunia ilipokuwa ikijifunza kupima. Bahari ya Hindi ilikuwa soko, na hakuna soko bila vipimo.

Lakini sikuja kuhesabu tulichopewa. Nimekuja kuzungumza juu ya tulicho nacho, kwa sababu naamini kwamba neno la kiasi hubeba kitu ambacho nambari peke yake haikibebi, nacho ni kazi ambayo kipimo kinatumika kuifanya. Neno hilo likipotea, nambari hubaki, ila ujuzi uliokuwa ndani yake huenda nalo.

Tazameni pishi. Vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Madukani pishi imeondoka. Unga hununuliwa kwa kilo, mahindi kwa gorogoro au debe. Hata hivyo kila mwisho wa Ramadhani pishi hurudi, maana zaka ya fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, na ndipo watu huulizana msikitini ni kilo ngapi. Jibu wanalopewa huwa ni kama kilo mbili na nusu, au zaidi kidogo kwa tahadhari. Pishi imebaki hai kwa kuwa ipo ibada inayoihitaji. Wazee waliongeza tofauti moja ninayoipenda sana: kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Cha mfuto kimesawazishwa ukingoni. Cha tele kimefanyiwa kilima. Anayekopesha na anayekopa walilazimika kukubaliana tangu mwanzo ni kipi kati ya hivyo viwili. Mizani ya leo haina tele. Inaonyesha gramu, na ukarimu wa muuzaji hauna tena jina.

Katika kueleza ukubwa, Kilatini na Kiswahili vinafanana kwa jambo moja na kuachana kwa jingine. Kilatini hupunguza kitu kwa kiambishi cha mwisho: mus ni panya, musculus ni kipanya, calx ni jiwe, calculus ni kijiwe, na kwa kuwa Warumi walihesabu kwa vijiwe, tawi zima la hisabati ya leo linaitwa kwa jina hilo. Sisi hupunguza kwa mwanzo wa neno, na hukuza papo hapo pia: nyumba, kijumba, jumba, mtu, kijitu, jitu. Ila katika kulinganisha, Kilatini kina ngazi ndani ya neno lenyewe, magnus, maior, maximus, nasi hatuna. Sisi husema dau hili lapita lile, lazidi, lashinda. Lazima kuwe na kingine cha kupitwa. Kwa vitenzi hivyo huwezi kukuza kitu huku umekificha kile ulichokilinganisha nacho.

Faida yake tunaiona hapo mbele yetu, katika miamba ya hifadhi ya baharini ya Kisite. Humo mna kombe mwenye midomo ya rangi aliyejikita ndani ya matumbawe, na wanasayansi wanamwita Tridacna maxima, yaani mkubwa kupita wote. Jina hilo alipewa mwaka 1798. Wakati huo nduguye wa bahari za Asia ya kusini-mashariki, Tridacna gigas, alikuwa na jina tangu 1758, na huyo hufika zaidi ya mita moja, ilhali maxima wetu ni nadra kupita sentimita 40. Jina halibadilishwi, kwa kuwa kanuni ya sayansi hulinda jina la kwanza. Siwalaumu waliolitoa. Nasema tu kwamba mwanafunzi wa Kwale anayekariri majina ya Kilatini afundishwe pia kuyauliza: mkubwa kupita nani?

Sasa twende kwenye mikoko, ambako lugha yetu imefanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote. Mkata miti hakusema ninataka mti wa sentimita kadhaa. Alisema fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Fito ni nyembamba, kama sentimita nne kwenda chini, za kufumia kuta na paa. Pau ni nene zaidi ya hapo, hadi kama nane. Mazio hufuata, kisha boriti, kuanzia kama kumi na moja na nusu, na nguzo juu yake. Ziliuzwa kwa korija, na korija ni ishirini. Maneno hayo ni mizani kamili: ukisema boriti umetaja unene, umetaja umri wa mti, umetaja mahali pake ndani ya nyumba, na bei. Nyumba za mawe za mwambao huu zina vyumba virefu vyembamba kwa sababu boriti haikuweza kubeba dari pana kupita kama mita tatu. Chumba kilipimwa na mti.

Leo mikoko ina kazi nyingine. Kijijini Gazi, tangu 2013, mradi wa Mikoko Pamoja unatunza hekta 117 za mikoko na kuuza kaboni inayohifadhiwa humo. Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wameanzisha mradi wao. Miti hupimwa unene ikiwa imesimama, ili iendelee kusimama, na hesabu huishia katika tani. Nafurahi, maana mapato ya Gazi yamenunua vitabu na kuvuta maji. Lakini fomu za kupimia zina sentimita peke yake, na mzee anayetambua pau na mazio kwa jicho tu, akiwa umbali wa hatua kumi, hana mahali pa kuandika anachokijua.

Hali ni hiyohiyo kwa bahari. Jedwali la maji husema mita tatu na nusu, mita moja na nusu. Mvuvi husema bamvu na maji mafu. Bamvu huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yakajaa mno na kupwa mno. Akina mama wa Kibuyuni wanaolima mwani hupanga kazi kwa bamvu, kwani ndipo maji hutoka mbali kiasi cha kuwaruhusu kufika kwenye kamba zao kwa miguu. Maji mafu hayatoki vya kutosha, na siku hizo shughuli huwa nchi kavu. Neno bamvu linamwambia mama huyo siku ya kwenda shambani. Mita tatu na nusu haimwambii mpaka aitafsiri.

Wapo waliotangulia kuandika lugha ya hapa. Mwaka 1957 mtafiti H. E. Lambert alichapisha kitabu chake juu ya Kivumba, lahaja ya Wasini na Vanga, na mwaka uliofuata kingine juu ya Chichifundi, lahaja nyingine ya pwani hii ya kusini. Ni kazi za thamani, ila ni za zamani, na zilishughulika zaidi na sarufi kuliko na vipimo vya kazi. Kwa hiyo nina ombi kwa wenye vituo vya utafiti wa bahari hapa Shimoni, kwa walinzi wa hifadhi, kwa kamati za ufuo na kwa vyuo vyetu. Katika kila fomu ya mikoko, kando ya sentimita, wekeni safu ya fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Katika kila jedwali la maji, andikeni bamvu na maji mafu. Na wanafunzi, kaeni na wazee wetu wa Shimoni, Wasini na Mkwiro mwaka huu huu, mwandike wanavyopima.