Mtoto, Nyumbani na Shule: Mambo ya Kujua
Maneno kwa baraza la wazazi, Wadi ya Mboghoni



Swali linalorudi barazani ni moja: je, mzazi anaweza kumwondoa mtoto shuleni na kumsomesha mwenyewe nyumbani?

Anayeuliza ana sababu. Mto Lumi ukifurika, mzazi wa Kimorigo haoni njia ya kumpitisha mtoto. Aliyesikia ndovu wa Tsavo wakivunja migomba usiku hana moyo wa kumtoa mtoto wa miaka saba alfajiri. Mwingine hana pesa ya sare. Na mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, wapo wazazi walioona kwamba nao wanaweza kufundisha.

Hata hivyo, sheria iko wazi. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni na ahakikishe anahudhuria. Wazazi waliotaka kusomesha watoto nyumbani walipeleka ombi lao Mahakama Kuu, na mwaka 2021 lilikataliwa. Anayemzuia mtoto nyumbani anaweza kushtakiwa.

Mtoto naye hupoteza. Mitihani ya Gredi ya 6 na Gredi ya 9 husajiliwa kupitia shule. Katika kupangiwa shule ya sekondari pevu, asilimia 20 ya alama hutoka kwenye tathmini anazofanyiwa shuleni Gredi ya 7 na ya 8. Aliyekuwa nyumbani miaka hiyo hana alama hizo, hata kama anajua kusoma kuliko wenzake.

Basi shida ipelekwe panapohusika. Ndovu wakionekana njiani, chifu na KWS waarifiwe mapema, na watoto watembee kwa kundi pamoja na mtu mzima. Mafuriko yakikata njia, mwalimu mkuu aambiwe siku hiyo hiyo. Asiye na sare aende kwa mwalimu mkuu au chifu kabla ya kumweka mtoto nyumbani. Mtoto mwenye ulemavu apelekwe kituo cha tathmini ya elimu (EARC), ashauriwe mahali panapomfaa. Sera ya mwaka 2018 inatambua pia mafunzo ya nyumbani kwa mwenye ulemavu mkubwa.

Masomo ya chekechea ni jukumu la kaunti. Malalamiko yake yaletwe kwa msimamizi wa wadi. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali kuu, kupitia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ya Taveta.

Jioni bado ni ya mzazi. Kitaveta, hesabu za mikungu ya ndizi sokoni, heshima kwa wakubwa: hayo yafundishwe nyumbani, na asubuhi mtoto aende shule.