Aliyekaa Kiti Hiki Kabla Yangu Yuko Wapi? Mada kwa Wahitimu wa Tehama Wanaokwenda Kwenye Usaili



Wengi wenu mmemaliza chuo juzijuzi, na mmekuja Dar es Salaam na kompyuta mgongoni kutafuta kazi ya kutengeneza programu. Kujibu maswali ya usaili mmeshafundishwa. Mimi nimeombwa nizungumzie kuuliza, na kusikiliza unachojibiwa. Muda wangu mwingi nitautumia kwenye swali moja: aliyekuwa akifanya kazi hii kabla yangu yuko wapi?

Liulizeni kwa upole, kisha nyamazeni. Mwajiri ambaye ofisi yake imetulia hatatafuta maneno. Atasema amepandishwa cheo, amekwenda kusoma, au amepata penye maslahi zaidi na akakabidhi kazi kabla ya kuondoka. Hata "hatukuelewana" ni jibu la kiungwana. Linalonitia wasiwasi mimi ni lile linaloanza kwa kumsema aliyeondoka: alikuwa mvivu, hakuwa mwaminifu, vijana wa siku hizi hawana uvumilivu. Kama watu watatu wamepita kwenye kiti hicho ndani ya mwaka mmoja na wote wanasemwa vibaya, kikagueni kiti.

Nilipoanza kutafuta kazi sikuuliza. Niliitwa kwenye usaili katika kampuni moja ya huduma za malipo, nikapewa faili la jaribio nikalifanyie kazi nyumbani kwa siku nne. Nililifungua usiku uleule. Safu ya kwanza ilikuwa namba za simu, ya pili majina kamili, ya tatu kiasi cha fedha kilichotumwa, ya nne saa. Nilidhani ni majina ya kubuni, mpaka nilipokutana na jina la mama jirani yetu, pamoja na namba ambayo nilikuwa nayo kwenye simu yangu. Ilikuwa miamala halisi ya watu halisi, imekabidhiwa kwa kijana ambaye hata hajaajiriwa. Nami niliona fahari tu kwamba jaribio lilikuwa gumu na nimeliweza.

Wakaniajiri. Wiki ya kwanza nilikuta nywila ya seva kuu imewekwa kwenye kundi la WhatsApp ambalo walioacha kazi walikuwa bado wamo. Nakala rudufu hakuna. Mfumo ulipozima usiku, nilipigiwa simu mimi, kwa kuwa nilikuwa mgeni na nisingethubutu kukataa. Uzembe huo wote ulikuwa umeshajionyesha kwenye lile faili, nami nikaufumbia macho kwa sababu nilikuwa na shida ya kazi.

Leo tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mkipewa jaribio lenye taarifa za wateja halisi, msifurahie ugumu wake. Na urefu wa jaribio nao unasema jambo. Saa mbili au tatu zinatosha kuona mtu anaandikaje programu. Ukipewa kazi ya siku nne, tena inayofanana na kipande cha mfumo wa mteja fulani, uliza italipwaje.

Kuhusu saa za kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na 9 kwa siku. Saa za ziada zina ukomo wake, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Lakini kwenye usaili msianze kusoma vifungu. Ulizeni hivi: mfumo ukizima saa nane usiku, anapigiwa nani, na kesho yake anaingia ofisini saa ngapi? Penye utaratibu utaelezwa zamu zinavyopangwa. Ukijibiwa "hapa sisi ni familia moja", au "mtaka cha mvunguni sharti ainame", hujajibiwa. Rudia swali, kwa heshima ileile.

Mkataba sitauzungumzia kwa kirefu. Ukiambiwa "anza kwanza, karatasi zitafuata", omba angalau barua yenye cheo, mshahara na tarehe ya kuanza. Uliza pia michango ya NSSF inapelekwa lini.

Najua kuna anayenisikiliza hapa huku kodi ya chumba imeshapita tarehe, na anajiuliza maswali yote haya ni ya nani. Ni yako pia. Huenda ukaziona dalili zote na bado ukaichukua kazi, na hakuna wa kukulaumu. Ila utaingia ukijua: utatunza nakala ya kila ulichosaini, hutakubali kazi za kila mtu zifanywe kwa nywila yako, na utaendelea kutuma maombi kwingine. Mimi niliingia nikiwa sijui, na miezi minane nilijilaumu mimi kwa mambo niliyoyakuta.

Baada ya chai tutakaa wawiliwawili, mmoja msaili na mwingine msailiwa. Leo msailiwa ndiye atakayetangulia kuuliza, na swali la kwanza mnalijua.