Meza Moja

(Hotuba ya karani wa chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Twashukuru kwa kupewa nafasi ya kusema maneno machache kabla mkutano haujafikia jambo la sita la leo, yaani ombi la majirani zetu wa makabila mengine wanaotaka kuandikishwa katika mfuko wetu wa mazishi. Hatukusimama kuwafundisha wazee. Tumesimama kwanza kuungama kosa letu wenyewe, na pili kueleza habari ya watu wawili wa mbali, ambao uadui wao ulipita wetu.

Kosa letu ndilo hili. Mwaka jana alifika mbele ya meza yetu ya afisi mtu mmoja, mlinzi wa usiku, si wa kabila letu, koti lake limechakaa na Kiswahili chake kizito. Alitaka kulipa kiingilio. Hatukumwuliza hata jina, tulimwambia, "Njoo kesho." Alipokuja kesho yake tukamwambia vivyo hivyo. Mara ya tatu hakuja, nasi tukasemezana, "Mwaona? Watu wa kwao ndivyo walivyo, hawana subira."

Baada ya miezi miwili mwanachama mwenzetu alifiwa na mtoto, wakati mvua ilipokuwa imeharibu njia. Tulipofika na jeneza, tumechelewa, tulikuta kaburi limekwisha chimbwa. Mwenye jembe mkononi alikuwa yule yule mlinzi. Alikuwa ametoka zamuni alfajiri, wala hakulala, maana mfiwa ni jirani yake. Hakutulaumu, alitupa mkono tu. Bwana Mwenyekiti, mkono ule ulitulemea kuliko matusi.

Ndipo tulipoikumbuka habari tuliyoisoma ya mji wa Durham, katika jimbo la North Carolina, Marekani. Mahakama ilikuwa imeamuru watoto weusi na weupe wasome pamoja, na mji ukachafuka. Mwezi wa Julai 1971 uliitishwa mkutano wa siku 10 ili raia wenyewe watafute njia. Mwongozaji wake, Bwana Bill Riddick, alitaka wenyeviti wawili: Bibi Ann Atwater, mama mweusi aliyewahi kutumika katika nyumba za watu, na ambaye sasa alikuwa mtetezi wa maskini, na Bwana C. P. Ellis, mtu mweupe, kiongozi wa Ku Klux Klan mjini humo, chama kilichojengwa juu ya kuwachukia watu weusi. Walikuwa wamekwisha kutana. Bibi Atwater mwenyewe alisimulia kwamba siku moja, kwa uchungu wa matusi ya Ellis, alitoa kisu, wenzake wakamzuia.

Siku za kwanza walikaa kama paka na panya. Lakini kazi haikuwangojea. Watu wa kila upande waliwalaumu kwa kukubali kukaa pamoja, na watoto wao wakafanyiwa dhihaka shuleni. Walipoelezana habari za watoto hao, kila mmoja alisikia katika kinywa cha mwenziwe mashaka yake mwenyewe: fedha haba, shule mbovu, na dharau ya wakubwa. Wakalia pamoja. Mkutano ulipokwisha, Ellis aliichana kadi yake ya Klan mbele ya watu.

Msidhani alipata faida kwa tendo hilo. Rafiki zake wa zamani walimtupa, na wengine walimtisha. Baadaye akawa mtumishi wa chama cha wafanyakazi, akiwatetea watu ambao wengi wao walikuwa weusi. Urafiki wake na Bibi Atwater ulidumu zaidi ya miaka 30. Alipofariki mwaka 2005, mama huyo alisema neno katika mazishi yake. Naye alimfuata mwaka 2016.

Tazameni, wazee wetu. Maonyo mema ya kupendana bila shaka walikwisha yasikia mara nyingi, yasiwabadilishe. Kilichowabadilisha ni meza moja, na mzigo ambao hakuna aliyeweza kuuinua peke yake. Urafiki haukutangulia kazi, ulifuata kazi. Hapo ndipo sisi tulipokosea, tukisema, "Tukiisha kuwajua, tutawapokea." Je, tutawajuaje watu tuliowaacha mlangoni?

Wako watakaosema kwamba mfuko ni mdogo, na wageni huenda wakahama na deni. Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Lakini sisi tunaoshika madaftari twajua ya kuwa hata katika ndugu zetu wa damu wamo wenye madeni. Basi kanuni na iwe moja: kiingilio kile kile, muda wa kungoja ule ule, na asiyelipa jina lake lifutwe, awe mwenyeji awe mgeni. Tena twaomba mmoja wao aketi katika halmashauri, ahesabu fedha pamoja nasi. Kuandikwa daftarini peke yake si kujuana.

Yule mlinzi tulikwenda kwake kumwomba radhi, akatukaribisha chai. Tangu siku hiyo, akitoka zamuni hupita afisini. Sisi humwandikia barua za kwao, naye hutufundisha maneno ya lugha yake na kutucheka tukikosea. Leo yuko nje ya ukumbi huu, kwa kuwa kanuni haimruhusu asiye mwanachama kuingia. Wazee wetu, safari hii msitutume kumwambia, "Njoo kesho."